Minosaiklini kwa mtoto mwenye Fragile X: jaribio la kitabibu, dawa ya kuandikiwa na daktari, au kubaki na tiba za kawaida?

Mzazi akisikia kwamba kidonge cha chunusi kinajaribiwa kwa watoto wenye Fragile X, usingizi unamruka. Dawa yenyewe si ngeni. Ni minosaiklini, kiuavijasumu cha ukoo wa tetrasaiklini kilichoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo vijana wengi huandikiwa kwa ajili ya chunusi. Daktari akiiandika asubuhi, jioni mtoto anaweza kuwa ameimeza. Wepesi huo ndio unaoufanya uamuzi kuwa mgumu.

Njia ni tatu: kumwingiza mtoto kwenye jaribio la kitabibu, kumwomba daktari aiandike dawa hii nje ya matumizi yake yaliyosajiliwa, au kuendelea na tiba zilizopo na kusubiri ushahidi zaidi. Nimeziona familia zikigombana kwa ajili ya uamuzi huu, na kila upande ulikuwa na hoja. Ndiyo maana nataka kuziweka njia hizi sambamba, kwa mizani moja.

Kwa nini kiuavijasumu, wakati hakuna kijidudu?

Fragile X ni ugonjwa wa kurithi unaotokana na jeni moja, FMR1, iliyo kwenye kromosomu X. Ndani ya jeni hiyo kuna herufi tatu, CGG, zinazojirudia. Kwa watu wengi hujirudia chini ya mara 45. Zikizidi mara 200, jeni huzimika na mwili hauitengenezi tena protini yake, FMRP. Wavulana huathirika zaidi kwa kuwa wana X moja tu. Inakadiriwa ni takriban mmoja kati ya 4,000. Huchelewa kusema, hukwepa kutazamana macho, hupunga mikono wakizidiwa na kelele, huwa na wasiwasi mwingi, na shida ya kujifunza huwafuata maishani.

FMRP ni kama breki: huzuia protini nyingine zisitengenezwe kupita kiasi pale seli za ubongo zinapokutana. Breki ikikosekana, baadhi ya protini hizo huzidi, kikiwemo kimeng'enya kiitwacho MMP-9. Matawi ya seli za neva yana vichipukizi vidogo ambavyo kwa kawaida hukomaa na kuwa vifupi vyenye kichwa kama uyoga. Kwa mwenye Fragile X vingi hubaki virefu na vyembamba kama vya ubongo mchanga. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Riverside, akiwemo Iryna Ethell, walichapisha matokeo ya kuwapa minosaiklini watoto wa panya wasio na jeni hiyo. MMP-9 ilishuka, vichipukizi vikakomaa, na panya wakapunguza wasiwasi. Mwaka 2011 watafiti wengine walipata matokeo yanayofanana kwa nzi wa matunda.

Kwa hiyo hapa dawa haipewi kazi ya kuua bakteria. Inatakiwa kwa tabia yake ya pili, ya kukituliza kimeng'enya. Lakini bakteria wazuri wa tumboni hawajui kwamba safari hii hawalengwi, na hilo nitalirudia.

Mizani ya kupimia

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. La kwanza ni ushahidi: kuna nini kilichopimwa kwa watoto, si kwa panya tu? La pili ni usalama, hasa wa meno. La tatu ni mzigo kwa mtoto na kwa nyumba nzima. La nne, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote na ndilo wazazi husahau kuuliza: utajuaje kama dawa imemsaidia mtoto wako? La tano ni njia ya kurudi: ukiona haifai, unaachaje?

Njia ya kwanza: kuingia kwenye jaribio la kitabibu

*Ushahidi.* Jaribio linalotajwa zaidi lilifanyika kwenye Taasisi ya MIND ya Chuo Kikuu cha California, Davis, alikokuwa akifanya kazi Randi Hagerman, daktari aliyetumia miaka mingi kwa watoto hawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Watoto 66 wa umri wa miaka mitatu na nusu hadi 16 walipangwa kwa bahati nasibu. Kila mmoja alipewa minosaiklini kwa miezi mitatu na plasebo kwa miezi mitatu, na si mzazi wala daktari aliyetakiwa kujua kipi kimetangulia. (Plasebo si dawa bandia ile ya kughushiwa, ni kidonge kilichotengenezwa makusudi bila dawa ndani, ili kuwe na cha kulinganisha.) Waliomaliza nusu ya kwanza ni 55, na waliofika mwisho ni 48.

Tulia kidogo kwenye matokeo. Mtaalamu alimpa kila mtoto alama ya jumla, 1 ikiwa nafuu kubwa sana, 4 hakuna badiliko, na 7 hali mbaya sana. Wakiwa kwenye minosaiklini wastani ulikuwa 2.49. Wakiwa kwenye plasebo ulikuwa 2.97. Tofauti hiyo ilikuwa ya kweli kitakwimu, na watafiti wakaiona pia kwenye wasiwasi na hali ya moyo. Ila itazame tena ile 2.97: ni nafuu! Watoto waliokuwa wakimeza kidonge kisicho na kitu walionekana wamepata nafuu kidogo, machoni pa watu wanaowapenda na kuwafuatilia kila siku. Faida ya dawa ni ile pengo iliyobaki juu ya hapo, chini ya nusu alama. Watafiti wenyewe waliandika kwamba huenda baadhi ya familia zilibashiri kilichomo kwenye kidonge kutokana na madhara madogo ya dawa.

Jambo hili lina ndugu yake kwenye ugonjwa wa Angelman, ambao nao ni wa jeni na huathiri ukuaji wa mtoto. Huko Florida watoto 25 walipewa minosaiklini kwa wiki nane, wote wakijua ni dawa, na walionekana kupiga hatua. Kisha Hispania ikafanya jaribio lenye plasebo, likachapishwa mwaka 2018, na dawa haikuishinda plasebo kwa kiwango cha kuhesabika. Watoto walisogea mbele kwa pande zote mbili, kwa sababu watoto hukua.

*Usalama.* Hapa jaribio lina nguvu. Kamati ya maadili imepitia mpango wote, damu hupimwa kwa ratiba, na kuna mtu wa kupigiwa simu usiku mtoto akibadilika. Katika jaribio la 2013 madhara hayakutofautiana sana kati ya dawa na plasebo, na hakuna dhara kubwa lililotokana na minosaiklini. Miezi mitatu, hata hivyo, ni mifupi kwa dawa ambayo familia ingependa kuitumia miaka.

*Mzigo.* Ni mkubwa, na wanaokualika huenda wasiupe uzito unaostahili. Kuna safari, kuna vyumba vigeni vyenye taa kali, kuna sindano kwa mtoto ambaye hata kukatwa kucha ni vita. Dawa zake nyingine hutakiwa zisibadilishwe kwa muda wote wa jaribio. Na unakubali tangu mwanzo kwamba kwa kipindi fulani anaweza kuwa anameza kidonge kitupu.

*Utajuaje?* Hakuna njia inayojibu swali hili vizuri zaidi. Ukiwa kwenye jaribio la kupokezana kama lile la Davis, mwishoni unaweza kuambiwa mtoto wako alikuwa kwenye nini na lini, ukalinganisha na ulivyoona.

*Kurudi.* Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na tiba za kawaida za mtoto haziguswi. La kuuliza kabla ya kusaini ni hili: jaribio likiisha na mtoto akawa ameonyesha nafuu, ataendelea kuipata dawa?

Njia ya pili: daktari kuiandika nje ya matumizi yaliyosajiliwa

*Ushahidi.* Ni ule ule wa njia ya kwanza, hakuna mwingine wa siri. Kuna pia utafiti wa Toronto wa mwaka 2010, ambapo watu 20 wa miaka 13 hadi 32 walitumia dawa kwa wiki nane, na hasira na kukereka kukapungua. Ila wote walijua wanatumia dawa. Watafiti wengine walipima damu na kukuta MMP-9 imeshuka kwa baadhi ya waliotumia minosaiklini, ishara kwamba dawa inagusa kile inachokusudiwa kugusa. Haitoshi kusema imemfundisha mtoto kuongea. Na kwa kuwa minosaiklini ni dawa ya zamani ambayo kampuni yoyote inaweza kuitengeneza, hakuna mwenye haraka ya kibiashara ya kugharamia jaribio kubwa zaidi. Hilo linaniuma, kwa sababu linawaacha wazazi na ushahidi nusu.

*Usalama.* Hapa nitakaa, maana mzazi ndiye anakuwa mlinzi.

Tetrasaiklini hushikamana na kalsiamu. Jino la kudumu linalojengwa ndani ya ufizi wakati mtoto anatumia dawa linaweza kutoka na mistari ya manjano, kijivu au kahawia, na rangi hiyo haitoki kwa mswaki. Ndiyo sababu dawa hizi kwa kawaida huepukwa chini ya umri wa miaka minane. Ubaya ni kwamba huioni siku unayoitoa. Unaiona miaka baadaye, jino linapochomoza. Wapo wazazi wanaosema meno ya kijivu ni bei ndogo kwa mtoto anayetulia. Siwahukumu. Nasema tu waiseme kauli hiyo kabla ya kuanza.

Kisha kuna madhara ya kila siku: kizunguzungu, kichefuchefu, kuharisha, ngozi kuungua na jua haraka. Kidonge kinywewe na maji mengi mtoto akiwa amekaa wima, asilale papo hapo, la sivyo kinaweza kukwama na kuchoma umio. Maziwa, vidonge vya madini ya chuma na vya kalsiamu visipewe kwa wakati mmoja nacho, kwani huipunguzia dawa nguvu. Rangi ya ngozi au fizi inaweza kugeuka baada ya matumizi ya muda mrefu.

Madhara makubwa ni nadra lakini yapo. Moja ni ini kuumia. Jingine ni hali inayofanana na lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe), yaani maumivu ya viungo, homa na upele. Katika utafiti wa Toronto watu wawili walitokea kuwa na kingamwili za aina inayofuatiliwa kwa sababu hiyo. La tatu ni shinikizo kupanda ndani ya fuvu, ambalo mtu mzima hulitaja kama kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu au viwili viwili. Sasa fikiria mtoto mwenye maneno kumi tu. Hatasema "kichwa kinauma". Atajishika kichwa, atakataa mwanga, atatapika asubuhi, atapiga kichwa ukutani kuliko kawaida yake, na watu wataiita tabia ya Fragile X. Mwenye dalili hizo aachishwe dawa na aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

Kuna na suala la bakteria. Kutumia kiuavijasumu kwa miezi kunavuruga vijidudu vizuri vya tumboni na kunalea vile sugu. Watoto wenye Fragile X huugua masikio mara kwa mara wakiwa wadogo, hivyo siku watakapohitaji kiuavijasumu kwa ugonjwa halisi si siku ya kufikirika.

*Mzigo.* Ni mwepesi: kidonge, kliniki, vipimo vya damu daktari anapoona vinafaa. Lakini kama daktari ameiandika bila kupanga tarehe ya kuonana tena, huo mzigo haujapungua, umehamishiwa kwako.

*Utajuaje?* Peke yako utajua kwa shida. Mzazi anayengoja nafuu huiona, hilo limeonekana kwa takwimu hapo juu. Dawa yake ni daftari. Chagueni mambo mawili au matatu yanayohesabika, mathalani ni mara ngapi kwa siku mtoto anajing'ata mkono, inachukua dakika ngapi kutulia baada ya kelele, anaanzisha maneno mara ngapi bila kuulizwa. Yaandikeni wiki mbili kabla ya kidonge cha kwanza, kisha kila wiki baada yake. Mwombeni na mtu mmoja anayekaa naye, labda mwalimu, ahesabu jambo moja bila kujua tarehe ya kuanza. Nimeona daftari la namna hiyo: kurasa za mwanzo mama ameandika "leo afadhali sana", na chini yake hesabu ni ile ile ya wiki iliyopita. Hakuwa anadanganya. Alikuwa anatumaini.

*Kurudi.* Panga tangu mwanzo siku ya kuamua, baada ya miezi mitatu hivi kama lilivyofanya jaribio. Daftari lisipoonyesha kitu, mnaacha kwa ushauri wa daktari. Kinachonipa wasiwasi ni familia inayoendelea miaka miwili kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza.

Njia ya tatu: kubaki na tiba zilizopo na kusubiri

Wengi huiona kama kukaa bure. Si kweli.

*Ushahidi.* Tiba ya usemi, tiba ya shughuli za kila siku, mafunzo ya tabia na elimu iliyorekebishwa hazirudishi FMRP, lakini ndizo zinazomfundisha mtoto kuvaa, kuomba maji, kukaa darasani. Kwa dalili mojamoja zipo dawa zenye historia ndefu zaidi: methilfenideti kwa kutotulia, dawa za kupunguza wasiwasi, dawa za kifafa kwa wale wanaopata degedege. Na masikio yatibiwe mapema, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuiga maneno hata ubongo wake ukiwa tayari.

Kusubiri kuna hoja pia kutokana na historia. Dawa mbili za majaribio, arbaclofen na mavoglurant, zote ziling'ara kwa panya wa Fragile X. Walipojaribiwa watu, malengo makuu hayakufikiwa. Kampuni ya Novartis iliachana na mavoglurant kwa ugonjwa huu mwaka 2014. Zilizoponya panya si zote zinazofika kwa mtoto.

*Usalama.* Tiba za mazoezi hazina la kuhofia, na dawa za dalili zina madhara yake yanayojulikana na kufuatiliwa.

*Mzigo.* Usidanganyike kuwa ni mdogo. Tiba ya usemi inahitaji mzazi arudie nyumbani kila siku, na wataalamu hawapatikani kila mahali.

*Utajuaje?* Ripoti za wataalamu na za shule husaidia, ila maendeleo ni ya polepole na huchosha kuyatazama.

*Kurudi.* Hakuna mlango unaofungwa. Mtoto akipita miaka minane hatari kubwa ya meno inapungua, na chaguo la dawa bado lipo. Gharama ya kusubiri ni ile inayouma: utoto haurudi, na wapo watafiti wanaoamini kwamba ubongo mchanga ndio ungefaidika zaidi. Panya wa Riverside walikuwa wachanga. Hoja hiyo nzito siwezi kuifuta.

Kwa hali yako

Kama mtoto ana chini ya miaka minane, anza na njia ya tatu, na kama bado unaitaka dawa, iwe ndani ya jaribio lenye daktari wa meno anayefuatilia. Kuandikiwa tu bila ufuatiliaji katika umri huo ningekuzuia kama ningekuwa na uwezo.

Kama ni kijana aliyeshabalehe, ana chunusi za kweli na wasiwasi mwingi, na kliniki yenu ina ratiba ya vipimo, njia ya pili ina mantiki kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Tayari dawa ina kazi moja iliyosajiliwa. Hakikisheni tu hatumii pia isotretinoini kwa chunusi hizo, kwani zikiwa pamoja hatari ya shinikizo la fuvu hupanda. Kwa msichana anayeweza kupata ujauzito, zungumzeni hilo waziwazi: dawa hii haifai kwa mjamzito.

Kama mtoto wako hustahimili safari na watu wageni, na kituo cha utafiti kinafikika, njia ya kwanza inakupa jibu ambalo nyingine haziwezi kukupa, na inawapa jibu watoto wa wengine. Tafuta kwenye rejista ya ClinicalTrials.gov kwa jina la ugonjwa na la dawa. Huko utakuta pia dawa nyingine za zamani zinazojaribiwa kwa Fragile X, kama metformini ya kisukari. Lovastatini ya kolesteroli imewahi kujaribiwa pamoja na minosaiklini huko Quebec.

Kama ana ugonjwa wa ini, au ndugu wa damu wana lupasi, mwambie daktari hilo kabla ya neno lingine lolote. Huenda mazungumzo ya dawa hii yakaishia hapo.

Kama hana maneno na hakuna mtu mzima anayeweza kukaa naye mchana kutwa wiki za kwanza, ahirisha. Vivyo hivyo kama anahama shule, mmehamia nyumba nyingine, au dawa yake nyingine imebadilishwa mwezi huu. Mambo mawili yakibadilika pamoja hutajua lipi limefanya nini. Tumia wiki hizo kununua daftari na kuanza kuhesabu, dawa iwepo au isiwepo.